Mara Kumi Asubuhi, Mara Kumi Jioni

Katika klabu yao ya riadha hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Dobi, kwa sababu mchana alipiga pasi shuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, na kwa sababu, kama wenzake walivyopenda kutania, jioni aliwafua wapinzani kwa kurusha mkuki. Utani huo ulitiwa chumvi. Ukweli ni kwamba mara tatu alikwenda kwenye mchujo wa timu ya taifa, mara tatu akawa wa nne, na wanaochukuliwa ni watatu. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mbili, na mchujo mwingine ulikuwa umebakiza wiki tisa. Alijua fika kwamba huo ndio wake wa mwisho.

Klabu ile ilikuwa na mtindo wake, wenyewe wakiuita nyongeza. Kocha akisema mizunguko kumi, unakimbia kumi na miwili. Akisema urushe mara thelathini, unarusha thelathini na tano. Anayeishia pale alipoambiwa hakutukanwa, ila wenzake waliitana pembeni na kumwita "mwajiriwa" mpaka mwezi uishe. Dobi hakuwahi kuitwa hivyo. Hata bega lilimharibikia kwenye nyongeza, mara ya thelathini na tatu, akasikia kitu kikichanika ndani yake kama shuka kuukuu. Aliuokota mkuki kwa mkono wa kushoto, akataka kumalizia mara mbili zilizobaki. Wenzake ndio waliomshika.

Mtaalamu wa viungo, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alimwambia kano imechanika lakini haijakatika. Alimpa ukanda wa mpira aufunge kwenye kitasa cha mlango, auvute polepole mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, kisha akome. Akifuata hayo kwa wiki sita, bega litashika. Dobi akapiga hesabu, akaona zinabaki wiki tatu za kujiandaa, akatoka pale akitabasamu peke yake barabarani.

Mumewe, fundi baiskeli asiye na maneno mengi, ndiye aliyemfungia ukanda, na ndiye aliyemfungia vifungo vya sare kila asubuhi. Kazini walimwekea foronya za kukunja kwa mkono mmoja, wenzake wakipokezana pasi yake.

Siku ya kwanza alivuta mara kumi, akabaki amesimama mlangoni na aibu imemjaa. Kumi! Zilikwisha hata chai haijachemka. Akaongeza tano. Siku ya nne zikawa ishirini na tano, na wiki ya pili alivuta sitini, jasho likimtiririka, meno yakiwa yameumana. Maumivu yalipomchoma alifurahi, maana uwanjani maumivu ndiyo yaliyomwambia siku zote kwamba kazi inafanyika. Mumewe alikisikia kitasa kikigonga, akamuuliza kama ndivyo alivyoagizwa. Aliambiwa ashughulike na baiskeli zake, akanyamaza. Mimi simsifu kwa kunyamaza huko, lakini ni nani aliyewahi kumzuia Dobi?

Wiki ya tatu, asubuhi moja akivaa, mkono ulikataa kupanda. Alijaribu tena, haukupanda. Alikaa kitandani, blauzi ikiwa nusu mwilini, mpaka mumewe alipomkuta.

Mtaalamu alilishika bega, akalizungusha kidogo, akaliachia.

"Dada, ulikuwa unavuta mara ngapi?"

"Kumi."

Yule mama hakumbishia. Alimtazama tu, na Dobi akashindwa kuinua macho kutoka kwenye vigae vya sakafu.

"Jana zilifika mia," akasema.

"Nilikuambia kumi."

"Najua. Nilidhani kumi ni za wagonjwa."

Kano ilikuwa imekatika. Alielezwa habari za upasuaji, kisha miezi minane, pengine mwaka, kabla ya kurusha hata kokoto. Hakusikia mengi baada ya hapo. Siku zilizofuata chakula hakikupita. Alimwomba Mungu ampe siku moja tu ya mkono mzima, siku ya mchujo, kisha auchukue kabisa akitaka. Akaona aibu kwa ombi hilo, na bado akalirudia. Angekuwa na mtu wa kumlaumu, angalau angepata pa kupumulia. Hakuwa naye.

Jumamosi Kocha alifika, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Alizungumzia jua, akasifu mapazia, akaomba maji mara mbili. Dobi alijua alichokifuata. Klabu ilikuwa na mkuki mmoja tu wa maana, nao ulikaa nyumbani kwa anayejiandaa na mchujo. Kwa miaka sita ulikuwa umelala kwenye korido yake, wageni wakijikwaa.

"Unampa nani?" akamuuliza.

"Yule binti uliyemfundisha kushika."

Dobi alikwenda mwenyewe kwenye korido. Aliuinua kwa mkono wa kushoto, ukayumba, ukakwaruza ukuta, na Kocha alipoinuka kumsaidia akamwambia akae. Alipomkabidhi, vidole havikutaka kuachia.

"Akiambiwa thelathini, aishie thelathini," akasema. "Mwambie."

Kocha akasema atamwambia. Wote wawili walijua hatamwambia.

Dobi alisimama mlangoni akimtazama anavyovuka barabara, mkuki begani, watu wakimpisha. Alipopinda kona, ndipo Dobi alipolia, kwa sauti, bila kujali majirani. Mumewe alikuja mbio kutoka uani, mikono imejaa grisi, akasimama mbele yake, asijue amshike wapi asimuumize.