Kumwahi Pongo Akiwa Hai

Kazi yangu porini ilikuwa moja tu: kumfikia mnyama kabla hajakata roho. Bunduki haikuwa yangu, mbwa hawakuwa wangu, na mwanzoni hata hamu ya kwenda haikuwa yangu. Mimi nilibeba kisu.

Ilikuwa katika ile miaka ya wakimbizi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani Rusimbi kusubiri ajira, nikapata kibarua cha ukalimani katika ofisi moja iliyohudumia watu waliovuka mpaka na ziwa. Mkuu wangu wa kazi alikuwa Mkristo aliyehamishiwa Kigoma kutoka nyanda za juu kusini. Alipanga nyumba Katubuka, mkewe alibaki kwao, naye akawa na bunduki, kibali cha kuwinda, na Jumamosi ndefu zisizo na mtu wa kumuuliza anakwenda wapi.

Nyama aliyoipata aliigawa ofisini na kwa majirani. Nyama ambayo nusu ya majirani hawawezi kuila, alisema, si zawadi bali ni tusi. Kwa hiyo alihitaji Mwislamu wa kuchinja.

"Wewe unaswali?" aliniuliza siku moja mlangoni mwa ofisi yake.

"Naswali."

"Unaweza kukimbia?"

Tangu hapo akaniita Shehe, ingawa juzuu yenyewe niliimaliza kwa viboko.

Nilikubali kwa ajili ya mama mdogo. Huyu ni mdogo wake mama, aliyeolewa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Vita vilipofika kwao alitembea porini akiwa na mimba, akapata mtumbwi, akajifungulia chumbani kwetu. Mtoto alinyonya akilia. Maziwa yalikuwa hayatoki vya kutosha, na wanawake wa mtaani walisema jambo moja wote: apewe supu, supu ya nyama, kila siku. Sisi tulikuwa tunakula muhogo na dagaa, na siku nyingine muhogo peke yake.

Safari ya kwanza tulipita Simbo kumchukua mzee mmoja wa Kirundi. Alikimbilia huku tangu machafuko ya zamani, akaoa Muha, akapata shamba. Mbwa wake wawili walivaa kengele shingoni, nazo alizijaza majani zisilie mpaka tufike mahali penyewe. Alipoyatoa majani na kuwaachia mbwa, bonde zima lilianza kulia. Kengele zilikwenda kushoto, zikarudi, zikapanda. Bunduki ikalia.

"Genda! Genda, mwana wanje!" mzee alinisukuma mgongoni. "Enda, anakufa huyo!"

Nilikimbia. Miiba ilinichana, kiatu kimoja kilibaki kwenye tope, nami sikusimama. Nilimkuta pongo, swala wa vichakani, amelala kwa ubavu, anahema, akajaribu kuinuka aliponiona. Nilimgeuza kibla, nikasema bismillahi, nikachinja. Damu ilinirukia mpaka kifuani. Nilipoinua kichwa nilikuwa nacheka.

Kicheko hicho kilinisumbua juma zima. Nilijiuliza nilimcheka nani. Kama nilikwenda kutafuta supu, kwa nini moyo wangu ulikuwa unadunda kwa raha kama wa mtu aliyefunga bao? Mkuu wangu hakujificha. "Mimi nyama nanunua buchani," alisema tukirudi, mkono mmoja kwenye usukani. "Huku nakuja kupumua. Wewe hukupumua leo?" Nilikuwa nimepumua kuliko siku zote tangu nitoke chuo, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mzee wa Simbo yeye alichukua mguu wa nyuma wa pongo, sehemu ya mwenye mbwa, akaenda zake bila kuuliza mtu amepumua au hakupumua.

Lakini supu ilipikwa. Mama mdogo alikunywa bakuli baada ya bakuli akitoka jasho, na siku ya tatu mtoto alilala baada ya kunyonya. Mama alinitazama kama mtu ambaye shahada yake hatimaye imefanya kazi.

Swali lake lilikuwa lile lile kila niliporudi na nyama: "Umechinja mwenyewe? Umemkuta hai?"

"Hai, mama."

Basi anaweka sufuria.

Jumamosi ninayoikumbuka zaidi nyama ilikuwa imekwisha tangu Jumatano, na mtoto alikuwa ameanza kulia tena. Mama mdogo alinisindikiza mpaka mlangoni. "Leta hata kichwa," alisema. Njiani nilikuwa nimekwisha kumpika huyo pongo akilini.

Risasi ilipigwa kutoka mbali, ng'ambo ya kijito. Nilivuka maji mpaka kiunoni. Nilipofika, pongo alikuwa ametulia. Jicho lilikuwa wazi, linang'aa bado, na inzi alikuwa ametua pembeni mwake. Niliweka kiganja ubavuni. Nilihisi mdundo, kisha nikatambua kuwa mdundo ule ungeweza kuwa wangu. Nikasema bismillahi, nikachinja. Damu ilitoka, ila haikuruka. Ilimwagika polepole kama uji. Mguu mmoja ulitikisika. Lakini ulitikisika kisu kikiwa kinaingia, au nilipouegemea kwa goti langu?

Mkuu wangu alifika akihema. "Vipi, Shehe?"

"Sijui."

"Sijui ndiyo nini? Alikuwa hai au alikuwa amekufa?"

"Damu haikuruka."

"Damu imejaa hapa chini, wewe! Unataka ikuandikie barua?"

Mzee alichutama, akamshika pongo sikio, akaliachia. "Bado wa moto," alisema. "Kwangu mimi nyama ni nyama. Wewe ndiye unayejua Mungu wako."

Hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kile kinachofanya siku zote. Niliwaza wenzetu wa ofisini wasiojua lolote, watakaokula kwa kuniamini. Nikawaza mama na swali lake. Nikakumbuka kuwa wapo mashehe wanaosema mbwa aliyefunzwa na akatumwa kwa jina la Mungu anatosha, lakini aliyewatuma mbwa hakuwa Mwislamu, na kilichomwangusha pongo si mbwa bali risasi. Wapo wanaosema chenye shaka kiache. Nikamwona pia mama mdogo amesimama mlangoni. Kisha nikamtazama pongo mwenyewe, ambaye hakuna aliyemuuliza kama anaona tofauti yoyote kati ya risasi na kisu.

"Kibudu," nilisema.

Mkuu wangu alitema mate pembeni. "Haya, mzee, mbebe mzima mzima. Leo Shehe katufungulia mwezi wa Ramadhani."

Mzee hakuficha furaha yake, na sikuona sababu ya yeye kuificha. Alimtupa pongo begani, akashika njia ya Simbo, mbwa wakimfuata wakilamba matone.

Nyumbani mama alikuwa amesikia gari. Maji yalikuwa yanachemka. Alitazama mikono yangu, kisha nyuma yangu, kisha gari lililokuwa linageuza. Nikaeleza. Nilieleza sana, mpaka jicho na inzi.

"Umefanya vizuri," mama alisema, lakini hakunitazama. Akachukua unga na kuanza kukoroga uji kwa maji yale.

Mama mdogo alikuwa amekaa mkekani, mtoto kifuani. Aliuliza, "Na yule mzee ameichukua yote?"

"Yote."

Akacheka, kicheko cha kuchoka. "Mwanangu, kule porini tulikulaga vitu hata jina hatujui. Hakuna aliyeuliza kilikufa saa ngapi. Ungeleta tu. Mwenye njaa ni miye. Mungu akiniuliza, ningemjibu miye mwenyewe."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimefikiria kila mtu, mpaka mashehe nisiowahi kuwaona, ila sikufikiria kumuuliza yeye.

Juma hilo nilizunguka na jambo hilo ofisini, nikitafsiri maneno ya watu nikiwa nusu nimesikia. Ijumaa jioni nilimuuliza mama mdogo: nikimkuta mnyama tena hivyo, kati ya hai na mfu, nilete?

"Lete," alisema. "Ila usiniambie."

Mama alikuwa dirishani anachambua mchicha. "Mimi uniambie," alisema. "Chungu ni changu."

"Sasa nifanyeje?"

Mtoto alikuwa ameanza kulia, na wote wawili walimgeukia yeye.

Jumamosi tulirudi bondeni. Nilisikia nyasi zikivunjika ng'ambo, nikaona mgongo mwekundu ukipita kati ya miti, na mkuu wangu akainua bunduki taratibu begani. Sikungoja risasi; safari hii nilitaka nimfikie kabla ya shaka. Nilichomoa kisu na kuanza kukimbia.

"Shehe!" alipiga kelele nyuma yangu. "Shehe, sijapiga bado! Lala chini! Utakufa wewe!"