Mguu wa Kulia wa Imeshika

Mume wangu ni fundi wa breki, na mtaani hawamwiti kwa jina lake, wanamwita Imeshika. Hakuna gari lililotoka gereji yetu kabla hajaketi mwenyewe nyuma ya usukani, akakanyaga pedeli mara tatu, akasema, "Imeshika." Mguu wa mtu mwingine hakuuamini, hata wangu mimi niliyemkanyagia miaka ishirini na sita huku yeye yuko chini ya gari anatoa upepo kwenye mabomba ya breki. Nilikuwa nikimtania kwamba iko siku atauvisha tai huo mguu.

Kisha akapata kiharusi. Maneno yalirudi, mkono ukarudi, mguu wa kulia ukarudi nusu. Baada ya miezi mitatu alianza tena kazi, anachechemea, nami nikamshukuru Mungu. Lakini gari letu lilimshinda. Alikuwa ameliunda mwenyewe: bodi ya pikapu iliyotelekezwa, injini ya gari jingine, viti vya basi dogo. Injini ile haikuisaidia breki, kwa hiyo pedeli ilitaka mguu wa mtu mzima mwenye hasira. Akajipa moyo kwamba tatizo ni ugumu huo tu. Akifunga busta ya umeme, ile inayosukuma breki kwa mota yake yenyewe, hata mguu dhaifu utatosha, na ataendesha tena. Nami nilitaka aendeshe, pengine kuliko yeye.

Busta tuliipata kwenye gari lililogongwa nyuma. Wiki nzima alikata bamba la kuishikilia, akapima fimbo ya pedeli, akaifupisha, akaona amezidisha, akanigombeza mimi kana kwamba msumeno nilikuwa nao mimi. Akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi. Jumamosi asubuhi tukaanza kutoa upepo.

Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mimi nakanyaga na kushikilia. Yeye analegeza skrubu kwenye gurudumu, oili inapita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye chupa pamoja na mapovu, anakaza, ndipo naachia. Tulianza gurudumu lililo mbali zaidi na pedeli, tukamalizia la karibu. Tukawasha umeme, busta ikanguruma kidogo, nikakanyaga. Pedeli ilishuka kidogo, ikasimama imara. Nilifurahi kama mtoto.

Akaingia yeye, akakanyaga, akakunja uso.

"Bado kuna upepo," akasema.

Tukarudia magurudumu yote manne. Kwa mguu wangu, imara. Kwa wake, upepo. Akadai umejificha ndani ya busta, akafungua mabomba, akaanza upya. Tukamaliza chupa ya pili ya oili, tukafungua ya tatu, na oili ikawa inatoka safi bila hata povu moja. Akailaumu oili, akalilaumu lile gari lililogongwa, akamlaumu na aliyeligonga. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuelewa, ila nilinyamaza. Niliogopa, sina la kuficha.

Mara ya nne nilisimama kando ya mlango wake ulio wazi. Alitazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, mishipa ya shingo imemsimama.

"Nimekanyaga mpaka mwisho. Inazama tu, unaona?"

Nikatazama chini. Kiatu chake kilikuwa kimekaa sakafuni, pembeni ya pedeli.

"Mzee wangu," nikamwambia, "hujakanyaga. Mguu haupo kwenye pedeli."

Hakuangalia mara moja. Kisha akainama, akaushika mguu kwa mikono, akaupandisha juu ya pedeli, akauachia, akangoja kuuhisi ukigusa. Machozi yalinitoka. Nikamwambia gari limepona, nitamwendesha mimi popote anapotaka, sisi tunakwenda wapi kwani? Hakuwa ananisikiliza. Midomo yake ilikuwa inacheza kama anayehesabu.

"Tangu nirudi kazini," akasema, "nimepitisha magari mangapi kwa mguu huu?"

Mimi hilo halikuwa limenijia kabisa. Yalikuwa matano. La mwisho lilitoka juzi, la mwalimu anayepeleka shule watoto wake watatu na wa jirani. Nikampigia simu, haikupokelewa.

Akajivuta hadi kiti cha abiria. Nikashika usukani, tukatoka bila hata kufunga gereji. Njia nzima, kila tulipokaribia kona, alishika ubao wa mbele.

Gari la mwalimu lilikuwa uani kwake, milango wazi, watoto wanapanda. Mwalimu akatoka anacheka, akauliza Imeshika amemletea nini. Mume wangu alishuka akishikilia mlango, akasimama mbele ya gari lile ili lisiweze kuondoka.

"Washushe watoto, mwalimu," akasema. "Breki zako nilikwambia zimeshika. Sikujua kama zimeshika kweli."