Plaiwudi Iliyofaulu Mtihani wa Sufuria

Shemeji yangu, mume wa dada, ni kinyozi. Wembe anaujua, hilo simnyimi. Lakini tangu aone picha ya mashua iliyojengwa nyumbani, kaamua kuwa fundi mashua, na mtaa mzima unamwita Nahodha. Kuogelea hajui.

Alitaka plaiwudi ya bei nafuu isiyoogopa maji. Ile ya mashua hasa aliishika dukani, akasikia bei, akairudisha taratibu kama yai. Muuzaji akamwonea huruma: achemshe kipande cha ile rahisi, gundi ikiachia aachane nayo. Ushauri mzuri, ila uliangukia kwake. Akawa anaomba vipande kila duka la mbao na kuvichemsha kwenye sufuria kubwa ya dada. Plaiwudi ya dari ikabanduka tabaka kwa tabaka. Ya masanduku ikawa uji. Sisi tunaoishi naye tukala chakula kinachonuka gundi huku tukihubiriwa.

"Watu husema rahisi ghali. Hawana macho tu, shemeji."

Siku moja kipande kikachemka asubuhi nzima, kikatoka kigumu kama kichwa chake.

"Hiki umekitoa wapi?" nikamuuliza.

"Humu humu ndani. Tena bure."

Alikuwa amekata mgongo wa kabati la dada, lile alilopewa na marehemu mama siku ya kuolewa. Hatuna kingine cha mama. Niliumia, nikamwambia aache.

"Ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyaoga," akanijibu, akafuata msumeno.

Dada aliporudi kutoka kazini, milango ya kabati ilikuwa tayari sakafu ya mashua, na nguo zake zimerundikwa kitandani. Hakugomba. Nahodha akadhani amesamehewa, maana ndivyo anavyoelewa mambo.

Mashua ikakamilika, ikapakwa rangi ya buluu. Siku ya kuishusha ziwani akaalika wateja wake wote, nao wakaja kwanza nyumbani wamependeza. Akavuta turubai lililoifunika mashua kwa mbwembwe. Mashua ilikuwa imejaa magauni yaliyokunjwa vizuri, mashuka, na viatu vimepangwa kwa jozi upande wa nyuma. Dada alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba.

"Zitoe basi, mke wangu. Watu wanasubiri."

"Nizitoe niziweke wapi?"

Wateja wakaanza kuaga. Dada akalichukua turubai mkononi mwa Nahodha, akalifunika kabati lake jipya.