Inzi Wangu wa Uluguru Ana Jina Tayari

Jamani, yule inzi niliyewatangazia wiki iliyopita sio mpya.

Nimegundua leo asubuhi hapa nyumbani Mbagala, jicho likiwa kwenye hadubini. Niliamini inzi wa majini niliyemkamata mtoni, kule milima ya Uluguru, hajawahi kuandikwa na mtu.

Kumbe ni jike tu. Dume wake alishaandikwa zamani, kwenye mto mwingine. Nimehesabu mishipa ya bawa mara tatu. Ni walewale.

Nikampigia mwalimu wangu.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekosea."

"Marahaba. Afadhali umeliona mwenyewe. Rekebisha, uendelee."

Sasa subirini. Nakata simu, mlango unafunguliwa. Mama anaingia na wenzake watatu wa jumuiya, wamekuja kunipongeza. Na keki juu!

Nikawaambia ukweli. Mama akaiangalia keki, akaniangalia mie.

"Na huyo dume, kwenye mto wako hajaonekana?"

"Bado, mama."

"Si urudi ukamtafute! Machozi ya nini?"

Akachukua kisu, akakata keki.

Nimeshafuta neno "mpya" kwenye daftari. Nimeandika jike, jina la mto, na siku niliyomkamata. Hiyo nayo ni rekodi, na ni ya kweli. Jumatatu napanda Uluguru, na sishuki bila dume.

Maji kule ni ya baridi na mawe yanateleza. Mwenye mabuti ya mvua saizi thelathini na nane aseme yuko wapi, nayafuata leo hii.