Sitaw, Talong, Ampalaya

Muuza mboga wa pembeni mwa soko letu hapa Malolos, Ufilipino, hafungi fungu lolote kabla hajalitaja jina. Vidole vyake vina weusi wa utomvu usiotoka kwa sabuni, na sauti yake ni ndogo, mpaka umwinamie. Kila asubuhi humpa binti yangu Hiyas mboga mkononi, moja moja. "Sitaw," husema, na kunde ndefu zikaning'inia hadi magotini mwa mtoto. "Talong," na Hiyas akalikumbatia biringanya kama mwanasesere. Kisha hunyamaza na kungoja, hata wateja wakinuna. Hiyas ana miaka mitatu na hajatamka neno hata moja. Ukweni wanasema hasikii, au haelewi, nami nilishaanza kuwaamini.

Jana muuza mboga aliinua tango chungu, lile lenye makunyanzi, akasema bila kupepesa, "Talong."

Muuza samaki wa meza ya pili akacheka. "Shoga, uzee huo. Leo ampalaya huijui?"

Muuza mboga alikuwa anamtazama Hiyas. Mtoto alikunja uso, akatikisa kichwa, akamnyang'anya lile tango na kulirudisha kwa wenzake. Kisha akachagua biringanya, akampelekea kwa mikono miwili.

"Haya, mama Hiyas," muuza mboga akaniambia, akijifuta mikono kwenye aproni. "Masikio anayo, na akili anayo. Mdomo utafuata."

Yeye alishamgeukia mtoto na kumpa figili. "Labanos," akasema, akanyamaza, akangoja.