Chupa Zangu na Shimo la Bi Somoe

Siku ile ningepata tundu la kaa ningeingia na kanzu yangu, na kwa kuwa kijiji kizima cha Kinjumbi wanakisimulia kisa hiki kwa kukitia chumvi, bora mkisikie kwangu mwenye aibu.

Mtafiti mmoja alitaka mtu wa kumchotea maji mikokoni kila bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku zote, nikachaguliwa mimi kwa kuwa nina kidato cha nne na naweza kuandika lebo (sifa nyingine sina, muulizeni mke wangu). Alinieleza vizuri kwamba majani ya mikoko yakioza yanaachia vitu vinavyoyeyuka majini kama chai, hata uchuje vipi rangi haitoki, na vijidudu visivyoonekana vinakula hicho kilichoyeyuka, navyo vinaliwa na vingine mpaka tunafika kwa samaki. Kichwa kilielewa, miguu ndiyo iliyogoma. Mikokoni ni mbali, tope magotini, nami ni mtu wa kibarazani. Na hapo ufukweni nyuma ya nyumba yangu jirani yangu Bi Somoe ana shimo anamofukia makumbi ya nazi yaoze apate nyuzi za kamba, maji yake kahawia vilevile. Nikajaza chupa zote, nikaandika "Mikoko", nikarudi kujilaza.

Baada ya miezi miwili mtafiti akaitisha mkutano, ameshika chupa moja iliyobaki, anasema mikoko yetu ni maajabu, maji mazito hivi hajapata kuyaona. Watu wakapiga makofi, nami nikainuka kidogo nionekane. Chupa ikapita mkono kwa mkono hadi kwa Bi Somoe, akaifungua, akanusa mara moja.

"Mwanangu, makumbi yangu yamehamia mikokoni lini?"

Kicheko kilisikika mpaka mjini Nangurukuru. Mtafiti hakucheka, akaniuliza kama kazi bado naitaka. Naitaka, kwa nini nisiitake? Nikakaza uso.

"Bi Somoe, shikamoo. Bahari ikijaa, shimo lako si linafunikwa? Na yale maji yakitoka yanakwenda wapi, Songea?"

Mtafiti akakuna kidevu, akakubali kwamba shimo nalo linailisha bahari, na kazi akaniachia. Nikawatazama wote, kifua mbele. Ndipo akamalizia: kuanzia sasa nichote kote kuwili, shimoni na mikokoni, na Bi Somoe awe shahidi.

Hoja yangu siifuti hata leo. Ila sitaandika tena jina la mahali ambapo miguu yangu haijafika, maana kila bamvua nalivuka lile tope nikihema, na Bi Somoe, na uzee wake wote, ananitangulia.