Taa Juu ya Vilima vya Kasulu

Mwishoni mwa kiangazi kimoja cha miaka ya sabini, nilipokuwa nikifundisha Kibondo, utumbo wa mama yangu ulijisokota. Daktari hakunificha: asipopasuliwa Kigoma kabla ya jioni, sehemu iliyosokotwa ingekufa, na yeye pamoja nayo. Ndege ndogo iliyokuwa imeleta chanjo ilikuwa bado uwanjani. Rubani aling'oa viti viwili vya nyuma, akamlaza mama juu ya godoro, akaniweka mbele ubavuni pake.

Ulikuwa msimu wa kuchoma nyasi, na baada ya Nyakitonto moshi ulitufunika. Ili nisitazame nyuma kila mara, nilimuuliza rubani kwa nini ana vipimo viwili vya kimo.

"Hiki kinapima mgandamizo wa hewa," alisema. "Kinajua tuko juu ya bahari kiasi gani, kilima hakikijui. Hiki cha pili kinatuma mawimbi ya redio chini na kusubiri yarudi. Ardhi ikipanda kupita kiwango nilichoweka, taa inawaka."

Katika ndege kubwa, aliongeza, ilikuwa imeanza kufungwa mitambo inayopima pia kasi ya ardhi kuikaribia ndege, kisha humwamuru rubani kwa sauti apandishe.

"Basi hawawezi kugonga mlima."

"Wanaweza, mwalimu. Mtambo unatazama chini, hautazami mbele. Mlima ukisimama kama ukuta, utaambiwa ukiwa umeshachelewa."

Kitambo kidogo baadaye, taa ya njano iliwaka. Mshale wa kipimo cha kwanza haukuwa umetikisika. Chini na mbele palikuwa na weupe mtupu. Rubani aliongeza mafuta, akainua pua ya ndege na kugeukia tulikotoka.

"Kapteni, unarudi Kibondo?"

"Narudi kwenye anga ninayoijua."

"Kasulu iko hapo mbele, kisha Kigoma! Mama hana muda."

"Na kilima kiko hapo hapo. Taa ikiwaka sibishani nayo."

Nilimshika mkono. Ndipo mama, ambaye tangu tuondoke alikuwa akiguna tu, alisema kutoka sakafuni, "Mwana wanje, mwanangu, mwache. Mimi nimelala chali na sina haraka ya kuzikwa. Wewe huko mbele una haraka ya nini?"

Rubani alicheka. Nikauachia mkono.

Tulipanda hadi tukatokea juu ya moshi, tukaelekea magharibi mpaka ziwani. Hapo alishuka juu ya maji, ambako hapana kilima cha kuvizia, akaufuata ufuko hadi Kigoma. Njia ilikuwa ndefu, na mama hakuguna tena. Ukimya wake ulinitisha kuliko taa.

Hospitalini nilikaa kwenye benchi hadi mpasuaji alipotoka, barua aliyonipa daktari wa Kibondo ikiwa bado mkononi mwangu. "Tumeufungua msokoto," alisema. "Utumbo umerudiwa na rangi yake. Hatukukata kitu."

Asubuhi mama alifumbua macho, akaniona.

"Yule kapteni alikula?"

Nilimjibu kwamba aliondoka mara tu alipotushusha, ili awahi mwanga.

"Hata chai?"

"Hata chai, mama."

"Mtu akuvushe milima yote ile, umwache aende na njaa," alisema, akageuzia uso wake ukutani, taratibu, kwa ajili ya mshono.